Matete ya Upande wa Mashariki

Mama yangu alikuwa mtu wa kusamehe. Kule Njombe, jirani alimchomea shamba la mahindi kwa ugomvi wa mpaka, na msimu uliofuata mama akampelekea mbegu. Sisi watoto tuliambiwa hiyo ndiyo dini. Ndugu zangu walielewa. Mimi nilikaa nyuma ya nyumba nikitafuna hasira, nikiwaza jinsi ya kumlisha yule jirani majivu ya mahindi yetu. Kwa hiyo niliyomfanyia mzee wa ziwani, miaka mingi baadaye na ugenini, hayakuletwa na baridi ya Uswidi. Nilikwenda nayo.

Nilifika Stockholm kusomea uuguzi. Nikaolewa, ndoa ikavunjika, nikabaki na binti mmoja na kazi katika hospitali kubwa huko Flemingsberg. Tuliishi Hagsätra, mtaa wa maghorofa mwisho kabisa wa reli ya kijani. Watu wa katikati ya mji hudhani kwamba huko reli inakoishia hakuna kitu. Kuna msitu. Ukipita nyuma ya maghorofa, ukavuka uwanja wa mpira na vile vibustani ambavyo wenyeji hukodi ili walime viazi na maua, unaingia kwenye hifadhi yenye misonobari, miamba, na ziwa dogo lililozungukwa na matete.

Miaka ya mwanzo sikuijua. Nilikuwa mtu wa basi, treni, zamu, kitanda. Kisha mwaka mmoja, katikati ya miaka ya elfu mbili, baada ya majira ya baridi yaliyonikausha roho, nilijikokota hadi ziwani siku barafu ilipokuwa inaachia. Jua lilikuwa kali na halina joto. Chini ya miti isiyo na jani hata moja yalikuwa yamechomoza maua madogo ya buluu, yametandaa juu ya majani makavu ya mwaka uliopita. Na majini, kwenye kipande kilichokuwa kimeyeyuka, ndege wawili wenye vishungi walikuwa wanachumbiana. Walikabiliana kifua kwa kifua, wakatikisa vichwa, kisha mmoja akazama, akaibuka na kipande cha jani la majini mdomoni, akamwonyesha mwenzake kama mtu aliyeleta posa.

Hao ni vibisi. Hata kwetu wapo, jamii ya wadogo, kwenye mabwawa, lakini sikuwahi kusimama kuwatazama. Siku ile nilisimama hadi vidole vya miguu vikafa ganzi. Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu ngazini.

Majira ya kuchipua yaliyofuata nilijiunga na chama cha watu wa mtaa waliojitolea kuitunza ile hifadhi. Kazi yao kubwa ya mwezi wa nne ilikuwa vyura. Kuna vyura wanene, wenye ngozi ya vipele, ambao Waswidi huwaita *padda*. Mvua za kwanza za vuguvugu zikinyesha, hutoka msituni wote kwa pamoja kwenda kutaga ziwani, na ili wafike huko lazima wavuke barabara. Magari huwaponda kama nyanya. Basi chama kilisimika uzio mfupi wa plastiki kando ya barabara na kufukia ndoo ardhini. Chura akifika kwenye uzio huufuata, akatumbukia ndooni. Asubuhi sisi tunakwenda kuwatoa humo, tunawavusha barabara, tunawaachia ukingoni.

Niliipenda kazi ile kuliko nilivyotegemea. Utotoni tulikuwa tunawapiga mawe. Sasa nilikuwa nikipiga magoti kwenye tope asubuhi na mapema, kabla ya zamu, nikiingiza mkono katika ndoo na kuwashika mmoja mmoja, baridi, wazito, dume limempanda jike mgongoni na kung'ang'ania kama abiria aliyekataa kushuka. Nilipangiwa upande wa mashariki wa ziwa, ambako hakukuwa na mtu mwingine aliyependa kwenda kwa sababu ya utelezi. Nilikuwa nikienda na ndoo yangu, nawamimina kwenye maji ya kina kifupi, nanawa, nakimbilia basi.

Huko mashariki ndiko nilikokutana na mzee.

Alikuwa mstaafu, mrefu, mwenye darubini shingoni na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Bustani yake ya kukodi ilipakana na hifadhi. Picha zake za ndege zilitundikwa kwenye maktaba ya mtaa, na kila mwezi wa tano ni yeye aliyewaongoza watu katika matembezi ya kuangalia ndege. Kila aliyependa ndege kusini mwa mji alimjua. Siku ya kwanza nilimwamkia kwa adabu niliyofundishwa kwetu, nikainamisha kichwa kidogo. Kwa Kiswidi hakuna shikamoo, lakini mwili unajua njia yake.

Alitazama ndoo, akanitazama mimi.

"Unawapeleka wapi hao?" akauliza.

"Majini. Ni kazi ya chama."

"Wengine wanawapeleka upande ule, penye gati la kuogelea," akasema. "Huku huna haja ya kuja."

Nilimweleza kwamba nimepangiwa huku. Akatabasamu, akaondoka. Sikuliwaza tena.

Hazikupita wiki mbili. Binti yangu alirudi kutoka shule akavua viatu mlangoni. Wakati ule alikuwa na umri wa kuanza kuona aibu kwa mambo ya wazazi. Nilimwuliza kwa Kiswahili kama ana njaa. Akanijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake:

"Mama, sisi tunakula *paddor*?"

Nilidhani nimesikia vibaya. Akaeleza. Mwenzake mmoja, ambaye babu yake ana bustani kule karibu na ziwa, alisema mbele ya darasa kwamba kuna mama Mwafrika anayeiba vyura kwa ndoo asubuhi, anawapeleka nyumbani kuwapika. Darasa zima likajua ni nani. Wakawa wanamfanyia sauti za chura wakati wa chakula cha mchana.

"Nani kasema?" nikauliza.

"Mzee wa ndege. Aliwaambia watu kule kwenye mabustani, na babu yake alikuwepo."

Nilimkumbatia, akanisukuma. "Usiende tena huko," akasema. "Tafadhali, mama."

Jumapili nilimsimulia rafiki yangu Mrundi, niliyekuwa nasali naye. Yeye aliishi Jakobsberg na alikuwa anakuja kwangu kwa treni baada ya ibada, tunapika, tunaongea mpaka jioni. Alisikiliza, akapiga ulimi.

"Dada, mambo ya uyo muzee umuachie Mungu."

"Mungu ana kazi nyingi," nikamwambia. "Hii nitamsaidia."

Alicheka, kisha akaona kwamba mimi sicheki.

Sikuacha kwenda. Lakini nilitaka kwanza kuona kama ana ujasiri wa kulisema lile neno mbele yangu. Nafasi ilikuja kwenye mkutano wa chama wa kufunga msimu wa vyura, ukumbini, kwa kahawa na maandazi ya mdalasini. Mwenyekiti, mama mmoja mpole, alitushukuru tuliobeba ndoo, akanitaja kwamba nimebeba mahali pagumu. Watu wakapiga makofi. Mzee akainua kikombe chake na kusema kwa sauti ya kutafuta kicheko:

"Natumaini tu kuna mtu aliyehesabu waliotoka na waliofika!"

Walicheka. Si wote, mwenyekiti aliangalia sahani yake. Lakini walicheka wa kutosha, kile kicheko cha Waswidi kisicho na meno, cha puani. Mimi nilikuwa na andazi mdomoni. Nililimeza. Kiswidi changu chote kilinikimbia, miaka ya masomo na ripoti za wodini ikayeyuka. Nilichoweza kukifanya ni kutabasamu, na tabasamu lile ndilo lililoniuma kuliko maneno yake. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikilisikia bado usoni, limeganda. Njiani niliapa, kwa Kiswahili na kwa sauti, nikiuambia msonobari kwa kuwa ndio uliokuwa karibu: atalipa.

Nikaanza kutafuta mahali pa kumshika. Nilijiuliza swali moja: kwa nini hakunitaka upande wa mashariki? Mtu hamsingizii mwenzake bila kuwa na analolinda. Siku ya mapumziko nilivaa buti za mpira nikapita mbele ya pale nilipokuwa namimina vyura, nikaingia ndani zaidi, penye tope linalofika gotini.

Nilisikia kunguru kabla sijaona kitu. Nilisogeza matete kwa mikono, na ghafla hayakuwapo. Mbele yangu palikuwa na uwazi mpana kama uga, matete yamekatwa sawasawa karibu na maji, visiki vyake vimechongoka. Mtu alikuwa ameyakata wakati wa barafu, alipoweza kutembea juu ya ziwa. Na katikati ya ule uwazi, juu ya nguzo zilizopigiliwa ndani ya maji, palijengwa jukwaa la mbao, zuri, lenye benchi, kizuizi cha kuegemea mikono, na kibanda kidogo cha kujificha wakati wa kupiga picha. Njia ya mbao ilitoka hapo moja kwa moja hadi mlango wa nyuma wa bustani yake. Lote hilo lilikuwa ndani ya hifadhi, mahali ambapo wewe na mimi hatukuruhusiwa hata kuchuma ua.

Kiota cha vibisi hakina msingi. Ni rundo la majani yaliyooza, linaelea, limefungwa kwenye matete ili lisichukuliwe na mawimbi na ili kunguru wasilione. Cha pale kilikuwa kimeachwa wazi kama sahani mezani. Ili mzee apate picha safi. Kunguru wawili walikuwa juu yake wanapasua mayai. Jike lilikuwa mbali kidogo majini, limenyoosha shingo, likitoa sauti ya kukwaruza ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na dume likizunguka bila kujua la kufanya.

Nililia. Nililia kwa ajili ya ndege, na chini ya kilio, nasema ukweli, nilihisi furaha inapanda kama maziwa yanayochemka. Nimekupata.

Ningeweza kupiga simu siku ile ile. Sikupiga. Barua ya serikali ingemfikia mlangoni kimyakimya, angelipa kimyakimya, na mwezi wa tano angesimama tena mbele ya watu na darubini yake. Yeye alinidhalilisha hadharani. Kwa hiyo nilingoja. Nilikaa na siri ile majira yote ya joto, na giza lote la baridi, nikiipasha moto kila nilipochoka. Nikiwa wodini nabadilisha dripu, naifikiria. Nikiwa kwenye jukwaa la treni Flemingsberg na upepo unakata masikio, naifikiria, napata joto. Rafiki yangu aliniambia nimeanza kunawiri. Sikumwambia sababu.

Barafu ikavunjika tena. Nilibeba vyura wangu kama kawaida, nikamwamkia mzee kama kawaida. Wiki chache kabla ya matembezi yake ya mwezi wa tano nilipiga simu ofisi ya mkoa inayosimamia hifadhi. Nikasema mimi ni mwanachama wa mtaani, tuna matembezi mazuri ya ndege, tungependa ofisa mmoja aje aone tunavyojitahidi. Sikusema zaidi. Wakamtuma binti mmoja mchangamfu, mwenye koti jekundu.

Asubuhi ile ilikuwa nzuri mno. Miti yenye magome meupe ilikuwa imetoa majani madogo ya kijani kibichi, ndege wanaimba kila upande, mtu hasikii hata mwenzake. Walikuja watu wengi, wazee, familia, hata mwenyekiti wetu, hata yule mwanafunzi mwenzake binti yangu na babu yake. Mke wa mzee alikuja na kikapu cha kahawa. Binti yangu nilimlazimisha kuja, na alikaa nyuma amevuta kofia ya sweta hadi puani. Mzee alitembea mbele akituonyesha huyu na yule, na lazima nikiri alikuwa anajua. Alipofika njia panda ya ziwa akageukia magharibi.

Hapo nikapaza sauti.

"Samahani. Mwaka huu kwa nini tusiende mashariki? Vibisi wako huko."

"Huko ni tope," akasema. "Watu watazama."

"Mimi napita huko kila siku na ndoo," nikasema. "Nimetandika matawi. Hata mgeni wetu wa mkoa angependa kuona vibisi, sivyo?"

Yule binti wa koti jekundu akasema, ndiyo, angependa sana.

Nikaenda mbele. Sikugeuka nyuma kumwangalia. Nilisikia tu watu wanafuata, matawi yanavunjika chini ya miguu, watoto wanacheka. Nilisogeza matete ya mwisho nikasimama kando ili wote waone.

Mwaka ule alikuwa amekata zaidi, na hapakuwa na kibisi hata mmoja. Lilikuwapo jukwaa lake tu, limeoshwa, na juu ya benchi mto wa kukalia wenye maua.

"Hili ni la nani?" akauliza ofisa.

Njia ya mbao ilikuwa imenyooka hadi kwenye bustani ambayo kila mtu pale aliijua.

"Ni kwa ajili ya ndege," mzee akasema mwishowe. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Ni la kuwaangalia bila kuwasumbua. Kila mtu anajua nilivyofanya kwa ajili ya ndege hawa."

"Mwaka jana kunguru walikula mayai yao hapa," nikasema, "kwa sababu ya picha yako." Kiswidi changu kilikuwepo chote siku hiyo, kila neno limesimama mahali pake. "Na uliwaambia watu kwamba mimi nawapika vyura ili nisije huku nikaona. Binti yangu yule pale. Mwambie kama ni kweli."

Watu waligeuka kumtazama binti yangu, kisha mzee. Alifungua mdomo. Uso wake uliiva, ukashuka rangi.

"Ulikuwa mzaha," akasema.

Mkewe aliweka kikapu chini. "Haukuwa mzaha," akasema taratibu, bila kumwangalia mumewe. "Na mimi nilikuambia usikate matete."

Ofisa alitoa kamera. Mwenyekiti alikuja akasimama karibu nami, bega kwa bega. Mzee alivuka jukwaa lake mbele ya wote, akapita njia yake ya mbao, akaingia bustanini, akafunga mlango. Matembezi yaliyobaki tuliyamalizia bila yeye.

Nilidhani binti yangu atanishukuru. Njiani kurudi nyumbani aliniambia, kwa Kiswidi, "Ulifurahia mno." Nikamwambia ndiyo. Akafikiri kidogo, akaniuliza kama nimeuona uso wa yule mwenzake aliyekuja na babu yake. Nikamwambia niliuona. Tukaanza kucheka wote wawili, tukashindwa kuacha hadi mlangoni.

Aliamriwa kubomoa kwa gharama zake, lakini asubiri hadi ndege wamalize kulea. Alibomoa mwenyewe majira ya kupukutika kwa majani, siku ya manyunyu. Nilipata habari, nikaenda. Nilichukua chupa ya chai ya tangawizi, nikakaa juu ya mwamba ng'ambo kidogo, nikamtazama anavyong'oa ubao baada ya ubao. Alikuwa mzee kweli. Mara mbili aliketi kupumua. Nililiona hilo, na sikuinuka kumsaidia, na chai yangu haikupoteza ladha.

Mwishowe akanyoosha mgongo akaniita kutoka majini, buti zimejaa tope.

"Sasa umefurahi?"

"Ndiyo," nikasema.

Nadhani alitegemea jibu jingine. Alisimama, akatikisa kichwa, akaendelea na misumari yake.

Nilipomsimulia rafiki yangu aliendelea kukoroga maharage. "Ungemusaidia ata ubao moja, dada," akasema. "Moja tu." Nikamwambia maharage yanaungua.

Matete huota polepole. Majira ya kuchipua yaliyofuata pale palikuwa na vichipukizi tu, na vibisi hawakuja. Mwaka wa pili walijaribu, wakahama. Ule wa tatu walibaki, na nikayaona makinda yenye mistari ya pundamilia yamepanda mgongoni mwa mama yao, yakichungulia kati ya manyoya. Wakati huo matembezi ya mwezi wa tano nilikuwa nayaongoza mimi. Mzee hakuja tena kwenye mikutano, lakini alikuwa akitembea ukingoni peke yake, na tukikutana kila mmoja alitazama maji.

Asubuhi moja tulikuwa tumesimama hivyo, mbali kidogo, kila mtu na darubini yake, tumejifanya hatuonani. Kivuli kikapita juu ya ziwa. Tuliinua vichwa pamoja. Ndege mkubwa, tumbo jeupe, mabawa yamepinda kidogo kwenye viwiko, akaning'inia hewani, akajitupa miguu mbele, akatoka na samaki anayepiga mkia. Huyo huwa ametoka mbali. Wakati wa baridi huenda Afrika, sisi tukiwa tumebaki huku na barafu. Nilimwona mzee anageuka kwangu, uso umefunguka kama wa mtoto, amesahau yote, mdomo umeshaanza kutamka jina la ndege yule kwa Kiswidi.

"*Fiskgjuse*," nikasema mimi, kwa sauti, kabla yake.

Akafunga mdomo. Ndege akapita juu yetu na samaki wake, akielekea msituni.